Fimbo ya Kupimia Mto

Kila alasiri Chuma alipotoka shule alikuwa na kazi moja isiyobadilika: kuokota vitambaa. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi, kilichotazamana na barabara, hakikuwahi kuwa na sakafu safi. Vipande vilizagaa chini ya meza, vingine vikajiviringisha kwenye pedali ya cherehani. Chuma alivichambua akiwa amepiga magoti. Vikubwa alivitia kwenye gunia, vya kujazia mito. Vidogo alivitia kwenye kopo, vya kufutia mafuta ya mashine. Malipo yake yalikuwa maongezi ya wateja, ambayo watu wazima walidhani hayafiki chini ya meza.

Jina la Chuma alipewa darasani. Siku walipochomwa chanjo, darasa zima lililia, hata wavulana wanaotembea wametanua mabega. Yeye alinyoosha mkono, akatazama dirishani, akarudi kukaa. Tangu hapo akawa Chuma, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Mama alilipenda jina hilo kuliko Chuma mwenyewe.

"Huyu wangu haogopi kitu," Mama alikuwa akimwambia mteja wake, mama mwenye duka la dawa, aliyekuja kupunguziwa gauni. "Wamemchagua kwenda kwenye ile safari ya wasichana. Watatembea msituni na mlimani pamoja na wenzao kutoka nchi jirani. Wanafundishwa uongozi. Kila siku msichana mmoja ndiye anayewaongoza wengine."

"Msituni? Na wale wanyama?" mteja aliuliza, macho yamemtoka.

"Hao wanyama ndio wakae chonjo. Chuma wangu anakuja."

Wakacheka mpaka Mama akatoa pini mdomoni asije akazimeza. Chuma naye alicheka, lakini alizidi kuingia chini ya meza. Kulikuwa na kitu kimoja alichokiogopa kupita kiasi, nacho ni maji yanayokwenda. Alipokuwa mdogo aliteleza kwenye mtaro wa barabarani siku ya mvua kubwa, maji yakambeba, na kaka yake akamdaka kwa ukosi wa sweta. Walikubaliana kumficha Mama. Sasa kaka yuko mbali anafanya kazi, na siri imebaki kwa Chuma peke yake. Mpaka leo akipita kwenye daraja la kwenda sokoni hutazama mbele tu, shingo imekakamaa. Nani angeamini? Chuma mzima anaogopa maji!

"Mama," alisema kutoka chini ya meza, "naomba kipande chekundu. Tumeambiwa twende na kitambaa cha rangi kali."

"Cha nini?"

"Cha kufunga kwenye fimbo."

Mama alimkatia kipande kizuri kutoka kwenye kitambaa cha sherehe.

*

Wasichana walikutana kwenye kambi iliyo mwanzo wa msitu. Wenyeji walikuwa wamefika, wageni wakashuka kwenye basi wakiwa wamechoka na wenye haya. Mwalimu wa michezo, mama mnene mcheshi, aliwakaribisha. Lakini mwenye safari hasa alikuwa askari wa hifadhi, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito. Wote walimwita Afande. Aliujua msitu ule tangu kabla wao hawajazaliwa.

"Hii ndiyo fimbo ya kupimia mto," Afande alisema, akiinua mti mrefu ulionyooka. "Nani mfupi kuliko wote?"

Wote walimgeukia Kasuku, msichana wa darasa la Chuma. Alikuwa mfupi kama alivyokuwa msemaji, yaani sana.

"Sasa nitabisha?" Kasuku alisema, akasogea mbele.

Afande akasimamisha fimbo kando ya mguu wake, akafunga kitambaa chekundu cha Chuma sawa na goti la Kasuku. "Mtu asivuke maji yanayopita goti la aliye mfupi. Kiongozi wa siku anatumbukiza fimbo penye kina. Kitambaa kikitoka kikavu, panavukika. Kikitoka kimelowa, hapavukiki. Na sikilizeni vizuri. Kiongozi akisema panavukika, mimi nitakwenda kuhakikisha mwenyewe. Akisema hapavukiki, hakuna atakayebisha, hata mimi. Neno la kuzuia huwa hatulihoji. Ndivyo tunavyorudi nyumbani wote."

Chuma aliposikia neno mto, alirudi nyuma hatua moja.

Baada ya hapo walikaa duara kufahamiana. Msichana mmoja wa wageni, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliomba kusema. Kwa jinsi alivyotembea na kuongea polepole, wenzake walimwita Taratibu.

"Shuleni kwetu, kabla ya kutoka safari, kila mtu anataja kitu anachokiogopa," alisema. "Naomba tufanye hivyo hapa. Nitaanza mimi. Nina pumu. Naogopa baridi na ukungu, maana vikikutana vinanibana kifua. Dawa yangu ya kuvuta iko kwenye mfuko huu wa mbele. Mkiniona nimenyamaza sana, niulizeni."

Wenyeji walitazamana. Kwao mtu hakusimama mbele ya watu akajianika hivyo. Mgeni mwingine akasema anaogopa nyoka, wa tatu akasema giza, bila aibu yoyote, kana kwamba wanataja vyakula wasivyovipenda. Ikawa zamu ya wenyeji.

"Mimi naogopa hesabu," Kasuku akasema, na watu wakavunjika mbavu.

"Msituni hakuna hesabu," Mwalimu alimjibu.

"Basi ndiyo maana nimekuja."

Zamu ikamfikia Chuma. Neno lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi, maji, neno fupi tu. Akawaona wenzake wa darasani wanavyomtazama kwa kujivunia.

"Mimi siogopi kitu," alisema.

Wenyeji wakapiga makofi. Afande hakupiga. "Kitu chochote?" aliuliza.

"Hakuna, Afande."

Ilikuwa sentensi rahisi kabisa kuisema, na ndiyo iliyowaponza wote.

*

Msitu uliwapokea kwa kelele. Matawi yalikatika mahali wasipopaona, ndege wakapiga mayowe juu ya vichwa vyao. Kila asubuhi Afande alimpa kiongozi wa siku filimbi na fimbo, naye akaongoza msafara. Walijifunza kutandika hema, kuwasha moto kwa kuni mbichi, na kunyamaza wakiona kinyesi kibichi cha nyati. Wenyeji waliwafundisha wageni kufunga mafundo ya kamba, wageni wakawafundisha wenyeji kile kiduara cha asubuhi cha kutaja hofu. Mwanzoni walikifanyia mzaha. Baadaye mzaha ulipungua, kwa sababu msitu haukuwa na mzaha.

Chuma na Taratibu walipangwa hema moja.

"Kweli wewe huogopi kitu?" Taratibu alimuuliza jioni moja wakikunja nguo. "Mimi hata kikohozi cha mtu mwingine kinanitisha. Ningekuwa wewe ningefurahi."

Chuma alijifanya ana kazi na zipu ya begi. Alitaka kumwambia, lakini kila siku iliyopita iliufanya uongo uwe mzito zaidi kuutua. Na kwa mbali, nyuma ya miti, alikuwa ameanza kusikia ngurumo ndogo isiyokoma. Alijua ni nini.

Asubuhi iliyofuata Afande alimkabidhi filimbi.

"Leo ni yako, Chuma. Tunavuka mto, na ng'ambo yake tu kuna kituo cha askari. Kuna moto, kuna vitanda, kuna chai. Mambo yakienda vizuri tutakuwa pale kabla ya chakula cha mchana."

"Na yasipokwenda vizuri?" Chuma aliuliza.

"Kivuko kikifungwa, tunapanda juu kuzunguka mpaka kwenye daraja la kamba. Hiyo ni kazi ya kutwa. Usiwe na wasiwasi, mvua haijanyesha."

Walipokaribia mto, Kasuku alianza kuchechemea. Viatu vilikuwa vimempa malengelenge. Afande alipiga goti kumfunga bandeji, wengine wakatua mizigo. "Nenda kapime," alimwambia Chuma. "Ukifika kwenye kivuko utaona jiwe bapa. Lala juu yake, usisimame. Mwalimu atakuwa anakuangalia kutoka juu."

Chuma akashuka ukingoni. Mto haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa unakwenda, unakwenda bila kupumzika, na macho yake yalipougusa ardhi yote ikaanza kwenda nao. Alijilaza juu ya jiwe, akakumbatia ubaridi wake, akafumba macho, akatumbukiza fimbo. Ilipogonga chini, akafungua macho. Maji yaliishia chini ya kitambaa, na kati yake ukabaki mti mkavu wa kiganja kizima.

Panavukika.

Akajiona yuko katikati ya maji yale, mbele ya wote, akilia na kung'ang'ania miguu ya watu. Akajiona Chuma hayupo tena. Mwalimu alikuwa juu, nyuma yake, akiona mgongo tu. Chuma akavuta fimbo, akachota maji kwa kiganja, akalifinya lile fundo jekundu mpaka likachuruzika.

Alipopanda ukingo, uso ulikuwa umempauka. Aliwainulia fimbo.

"Hapavukiki," alisema.

Afande alikitazama kitambaa, matone yakidondoka. Alishangaa kidogo, akatazama kilele cha mlima, pengine mvua ilikuwa imenyesha huko. Lakini kanuni ni kanuni.

"Neno la kuzuia hatulihoji. Bebeni mizigo, tunapanda."

Taratibu alivaa begi lake polepole. "Huko juu kuna ukungu?" alimuuliza Chuma.

"Sijui," Chuma alijibu, bila kumtazama.

*

Ukungu ulikuwepo. Ulianza kama moshi kati ya miti, kisha ukashuka wote, mweupe na wenye baridi, hata aliye nyuma akawa hamwoni aliye mbele. Afande aliwaamuru kila mtu ashike begi la mwenzake. Njia iliteleza. Mara Afande akasimama ghafla, na wote, begi kwa begi, wakaganda.

Kitu kilikuwa kinapumua.

Kilikuwa upande wa kushoto, kikubwa, kikivuta pumzi kwa pua na kukanyaga majani. Hakikuonekana. Harufu tu iliwafikia, ya tope na ya zizi. Kasuku alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Wazo moja lilimgonga Chuma kichwani: ni mimi niliyewaleta hapa. Alikuwa nyati, naye alisimama, akasikiliza, kisha polepole matawi yakavunjika mbali zaidi, na mbali zaidi, mpaka pakawa kimya.

Waliendelea kupanda. Hakuna aliyeongea. Ilikuwa hivyo kwa muda, ndipo Chuma alipokumbuka kwamba kuna mtu alisema akinyamaza sana aulizwe.

Akamgeukia aliyeshika begi lake. "Taratibu, uko sawa?"

Taratibu alikuwa amesimama, mikono magotini. Mabega yake yalipanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia, ingawa hakuna aliyekimbia. Kifua kilitoa mluzi mwembamba.

"Kifua," alisema. Hakuweza kumaliza sentensi.

Chuma akapiga filimbi. Afande alifika, akamkalisha wima akiwa ameinama mbele kidogo, akamlegezea nguo shingoni, Mwalimu akamfunika blanketi. Taratibu alivuta dawa yake. Mluzi ukapungua, akavuta pumzi ndefu, wote wakashusha pumzi pamoja naye. Lakini hawakumaliza hata kumsifu. Ukungu uliingia tena kifuani mwake na mluzi ukarudi, mkali kuliko wa kwanza.

Afande alijaribu simu yake ya upepo. Ilikoroma tu. Alisogea pembeni na Mwalimu, akasema kwa sauti ya chini ambayo Chuma, mzoefu wa kusikiliza chini ya meza, aliisikia yote.

"Dawa itamtuliza kwa muda tu. Anahitaji kutoka kwenye baridi hii. Kivuko kingekuwa wazi, tungeteremka sasa hivi. Kituo kipo ng'ambo tu, kuna moto, kuna gari la kumpeleka hospitali. Lakini mto umejaa. Hakuna namna, itabidi tupande mpaka darajani."

"Kupanda? Ndani ya ukungu huu?" Mwalimu alisema. "Atafika?"

Afande alikaza mikanda ya begi lake.

Chuma alisimama kama aliyepigwa msumari. Akinyamaza, watapanda, na hakuna atakayejua kamwe. Akisema, wenzake watajua, Mama atajua, mama wa duka la dawa atajua, na jina la Chuma litakuwa kichekesho cha mtaa mzima. Alimtazama Taratibu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alikuwa anamtazama Chuma kwa macho makubwa, ya mtu anayesubiri kiongozi aseme neno.

"Afande," Chuma alisema. "Mto unavukika."

"Nini?"

"Kitambaa nilikilowesha mimi. Kwa mkono. Maji yalikuwa chini yake, kiganja kizima. Niliogopa kuvuka." Machozi yalimtoka. "Naogopa maji. Naogopa sana maji."

Wageni walimtazama Chuma, kisha wakamtazama mwenzao kwenye blanketi, na mmoja wao akaanza kulia kwa hasira.

Afande alimshika Chuma mabega. Hakugomba. "Mengine baadaye. Una uhakika na kiganja?"

"Nina uhakika."

"Basi geukeni. Tunateremka. Na wewe, nenda mbele. Bado ni kiongozi wa siku."

*

Afande alimbeba Taratibu mgongoni. Chuma alitangulia, akitafuta kwa miguu ile njia waliyoikanyaga asubuhi, akipiga filimbi kwenye kila kona ili wasipotezane. Hofu sasa ilikuwa mbili. Aliogopa kuufikia mto, na aliogopa kuukuta umejaa kweli. Itakuwaje kama mvua imenyesha huko juu na uongo wake umegeuka ukweli? Mluzi wa kifua cha Taratibu ulimfuata nyuma, na kila uliponyamaza aligeuka kwa woga.

Ukungu ukapungua. Ngurumo ikaongezeka. Kivuko kikaonekana.

Chuma alilala juu ya jiwe lile lile, akatumbukiza fimbo. Safari hii alifumbua macho mpaka mwisho. Akaivuta na kuwainulia wote waone. Alama ya maji iliishia kiganja kizima chini ya kitambaa, kama asubuhi.

"Panavukika!"

Afande aliingia mwenyewe kuhakikisha, akafunga kamba ukingo mpaka ukingo, kisha akarudi, akampakia Taratibu mgongoni, akavuka naye. Alipofika upande wa pili hakusubiri. Alitokomea naye kwenye njia ya kituo. Wengine wakafuata mmoja mmoja, Mwalimu akiwashikia kamba katikati ya maji. Wakabaki watatu tu: Kasuku, yule mgeni aliyeogopa nyoka, na Chuma.

Chuma aliweka mguu mmoja majini. Maji yaliusukuma, nao mwili mzima ukafa ganzi.

"Siwezi," alisema. "Nendeni. Naogopa."

Kasuku na mgeni wakatazamana. Mgeni alikuwa na kila sababu ya kumwacha pale. Uso wake ulikuwa bado na hasira. Hata hivyo alinyoosha mkono.

"Umeshataja," alisema. "Sasa tunajua. Shika huku. Usiyatazame maji, tazama ule mti wa ng'ambo."

"Na huku nishike mimi," Kasuku akasema. "Chuma, mimi ndiye mfupi. Maji yakikupeleka wewe, jua mimi nimeshapelekwa zamani. Kwa hiyo wewe niangalie mimi tu, nikiwa bado nipo basi mambo ni mazuri."

Chuma alicheka huku akilia. Akapiga moyo konde, akaingia katikati yao. Jiwe moja liliteleza chini ya mguu wake, akapiga ukelele, mikono miwili ikamkaza zaidi. Alikaza macho kwenye ule mti, na hofu haikumwachia hata kidogo, ilivuka naye mpaka ng'ambo. Alipokanyaga mchanga mkavu alianguka magoti na kutapika.

Mwalimu alimpangusa uso kwa kanga yake.

*

Kituoni walikuta moto umekolezwa na gari limeshaondoka na Taratibu kwenda hospitali. Ilikuwa alasiri ndefu kuliko zote alizowahi kuziona Chuma. Alikaa kwenye benchi la nje, akiitazama barabara. Hakula. Wageni walipita mbele yake bila kumsemesha, naye hakuwalaumu.

Gari liliporudi, jua lilikuwa bado halijazama. Taratibu alishuka mwenyewe, polepole kama kawaida yake, amevikwa sweta la muuguzi. Wote walimkimbilia. Chuma alisimama mbali, mpaka Taratibu mwenyewe akaja.

"Nisamehe," Chuma alisema.

"Mimi nilikuambia ninachokiogopa," Taratibu alisema. Aliongea bila kupandisha sauti, na kwa Chuma hilo lilikuwa baya kuliko kupigwa. "Nilikuambia siku ya kwanza kabisa. Ukanipeleka huko huko."

Chuma aliinamisha kichwa.

"Nilidhani nitakufa kule juu," Taratibu aliendelea. Kisha akakaa kwenye benchi, akapigapiga nafasi iliyo kando yake. "Lakini uliniuliza kama niko sawa. Na ukasema ukweli. Kaa. Sijamaliza kukasirika, ila kaa."

Afande alitoka ndani na vikombe vya chai, akawaita wengine wote. Alikuwa ameishika ile fimbo.

"Naanza na langu," alisema. "Asubuhi nilitazama kitambaa, sikutazama mti. Mti chini ya kitambaa ulikuwa na michirizi tu, haukulowa wote, ningeangalia ningejua. Hilo ni kosa langu, sitalirudia." Akamgeukia Chuma. "Wewe nilikuambia neno la kuzuia hatulihoji. Ungekuja ukasema, 'Afande, naogopa kuvuka,' tungesimama vilevile. Nani angekucheka? Wageni hawa walitufundisha kutaja hofu siku ya kwanza, nasi tukafanya mzaha."

"Niliona aibu," Chuma alisema. "Wote wanajua mimi ni Chuma."

"Nami naogopa," Afande alisema. "Nimefanya kazi hapa miaka yote hii na nyati ananitetemesha mpaka leo. Ndiyo maana nasimama anapopumua. Sikilizeni, wanangu. Siku moja mtaongoza watu, darasani, kazini, nyumbani kwenu. Mtaogopa, hilo halikwepeki. Hofu ukiitaja, wenzako watakusaidia kuibeba. Ukiificha, inashika uongozi yenyewe. Leo asubuhi hatukuongozwa na Chuma. Tuliongozwa na woga wake, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Mchana, aliposema kweli, ndipo alipotuongoza."

Filimbi Chuma hakuishika tena katika safari ile, maana zamu yake ilikuwa imekwisha. Lakini kila asubuhi iliyobaki, duara lilipokaa, walimwachia yeye aanze. "Naogopa maji," alisema kila siku, na kila mto waliokutana nao Taratibu alimpa mkono.

*

Siku aliyorudi nyumbani, Mama alikuwa kwenye cherehani, na yule mama wa duka la dawa amesimama mbele ya kioo akijaribu gauni lake. Chuma aliweka begi chini. Hakusubiri mteja aondoke, alijua akisubiri atanyamaza. Akasimulia yote: mtaro, kaka na ukosi wa sweta, daraja la sokoni, fimbo, ukungu, kifua cha Taratibu. Cherehani ilinyamaza mapema sana katika hadithi hiyo. Alipomaliza alikitoa kile kipande chekundu mfukoni, akakiweka juu ya meza.

Mama alikichukua, akakikunja. Kisha alimvuta mwanawe, akamkumbatia mpaka utepe wa kupimia wa shingoni mwake ukawazunguka wote wawili.

"Miaka yote hii ulivuka lile daraja la sokoni peke yako," alisema, "na mimi nikiwatangazia watu kwamba huogopi kitu. Nisamehe na mimi. Kuanzia kesho tunavuka pamoja."

Mteja alikohoa kidogo, asijue atazame wapi. "Kumbe," alisema, "huyu si ndiye yule asiyeogopa kitu?"

"Huyu anaogopa maji," Mama alijibu. "Na amevuka."